Barua ya wazi kwa waliomvua malkia kitambaa

Kwa Waheshimiwa:
Mtayarishaji Mkuu,
Mwongozaji,
na Msimamizi wa Mavazi,
Tamthilia ya kasri la Edward III, mfalme wa Uingereza wa karne ya 14.

KUH: VICHWA WAZI VYA WANAWAKE KATIKA MSIMU WA KWANZA, NA MSIMU WA PILI UNAOKARIBIA KUREKODIWA

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili,

Mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikafunzwa sindano na mama yangu mzazi, na kwa miaka 19 sasa ninashona Uingereza, mingi ya miaka hiyo katika karakana za mavazi ya maigizo. Kwenye msimu wenu wa kwanza nilikuwa miongoni mwa mafundi wa mkono. Vitambaa vya kichwa 36 vya kitani nilivishona mimi, pindo za kuviringisha kwa kidole, bila mashine. Huenda hamvikumbuki, maana havikutoka sandukuni.

Nimekwisha kuwaandikia mara tatu kwa faragha. Barua ya kwanza nilimpa msimamizi mkononi, akaitia mfukoni. Ya pili niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana. Ya tatu niliiacha mapokezini pamoja na kisanduku, ambacho nitakirudia mwishoni. Miezi minane imepita. Nimesikia msimu wa pili unaanza kurekodiwa karibuni, kwa hiyo leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Barua tatu za Kiingereza hamkuzijibu, kwa hiyo sidhani lugha ndiyo iliyokuwa kikwazo. Tena, tamthilia yenu mmeiuza, ikawekewa sauti za Kiswahili, na sasa inaonyeshwa kwetu kila jioni baada ya taarifa ya habari. Mama yangu haikosi. Juzi alinipigia simu kabla hata kipindi hakijakwisha.

"Mwanangu, huyu malkia mbona yuko kichwa wazi mbele ya wanaume wote hawa? Hana wakwe?"

Nikamwambia, "Mama, wakwe anao. Na kitambaa anacho, nilikishona mimi."

"Basi kiko wapi?"

Swali hilo la mama ndilo ninalowaletea. Mkalimani hakosekani. Kama mlivyompata wa kumsemesha malkia Kiswahili, mtampata wa kunisemesha mimi Kiingereza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nywele za malkia. Katika vipindi vyote 8, malkia Philippa yuko na nywele za kumwagika mabegani, zimetiwa mawimbi kwa chuma cha moto. Barazani yuko hivyo, kanisani hivyo, juu ya farasi kwenye mvua hivyo hivyo. Mwanamke huyu aliolewa na Edward mwaka 1328, akatawazwa mwaka 1330, akamzalia mumewe watoto zaidi ya 10, akafariki mwaka 1369. Ni mke wa mtu, mama wa watu, malkia wa nchi. Katika Uingereza ya zama zile, nywele zilizofunguliwa zilikuwa na mahali pake: kwa msichana ambaye hajaolewa, chumbani, na katika siku moja kubwa ya maisha ya malkia, siku ya kuvikwa taji. Nendeni Westminster Abbey, kanisa la London walimozikwa wafalme, mkamwangalie Eleanor wa Castile, nyanya yake huyo mfalme wenu. Sanamu yake ya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya William Torel ya mwaka 1291, ina taji kichwani na nywele zimeshuka mabegani. Ni ile siku moja, imegandishwa katika shaba. Ninyi mmeichukua siku hiyo mkaifanya sare ya kazi.

Najua mtakalosema, na nitakuwa wa kwanza kulikubali. Philippa mwenyewe, ukimtazama juu ya kaburi lake humo humo Westminster, hakujifunika gubigubi. Sanamu yake ya marumaru ilichongwa na Jean de Liège malkia akiwa bado hai, na mchongaji hakumpendelea hata chembe: ni mama mtu mzima, mnene, uso umeanza kushuka. (Nilisimama pale muda mrefu nikamwonea imani. Ana sura ya mama ambaye ukienda kwake na shida atakuuliza kwanza kama umekula.) Nywele zake zimegawanywa pande mbili, zikafungwa na kusimamishwa wima kando ya mashavu kama nguzo mbili za mlango. Zinaonekana, ndiyo, lakini zimefungwa. Mabibi wa kasri la wakati ule walionyesha misuko yao kwa fahari, wakaivisha nyavu na mikanda ya dhahabu. Hawakuenda barazani wameimwaga kama waliotoka kuoga. Kwa hiyo sidai kwamba kila mwanamke wa karne ya 14 afunikwe abaki macho. Nadai tofauti ya kufunga na kufungua, kwa sababu watu wa wakati ule waliisoma tofauti hiyo haraka kama sisi tunavyosoma jina la kanga.

2. Pini. Hapa mnivumilie, ndipo penye kazi yangu.

Siku vitambaa vyangu vilipojaribiwa, mwigizaji alivishwa kimoja, akageuza shingo, kikaanguka. Akacheka, mwongozaji akacheka, na hukumu ikatolewa hapo hapo: "Havikai." Kweli hakikukaa, kwa kuwa aliyemvisha alikitupia juu ya nywele zilizooshwa asubuhi ile, zinateleza kama mlenda, akakibana kwa vibanio viwili vya saluni. Hata mimi, ninayejitanda tangu nina miaka 7, kingenianguka.

Mtandio haukai juu ya nywele. Mtandio unakaa juu ya kitambaa kingine. Iko kofia ya kitani iliyohifadhiwa Uholanzi, inayosemekana kuwa ya Mtakatifu Birgitta wa Sweden, aliyefariki mwaka 1373, mtu wa rika moja na mabibi wa tamthilia yenu. Ina vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vilivyoungwa katikati ya utosi kwa taraza. Kisogoni imekusanywa marinda madogo madogo, na kutoka hapo unatoka mkanda mrefu wa kitani ulioungwa ukawa kitanzi. Nimeishona kofia ile mara tano kwa mikono yangu. Unasuka misuko miwili, unaizungusha kichwani, unavaa kofia, kisha kile kitanzi unakipindua mara moja kikawa kama namba 8 na kukivuta kizunguke kichwa. Ukishakaza, kofia imetulia kama mtungi juu ya kata. Ndipo unatanda mtandio. Pini inaingia kwenye mtandio, inachota nyuzi mbili tatu za kofia, inatoka tena kwenye mtandio, na kichwa chake kinajificha ndani ya mkunjo. Moja utosini, moja moja juu ya kila sikio. Nimejaribu mwenyewe nyumbani: nimeosha vyombo, nimepiga deki, nimekimbilia basi huku majirani wananishangaa. Hakikuanguka.

Mwaka 1348, Joan, binti yake Philippa, alipotayarishiwa safari ya kwenda kuolewa na mrithi wa ufalme wa Castile, sanduku lake la bibi harusi lilitiwa pini 12,000 za kubania mitandio. Pini elfu kumi na mbili! Mtu hanunui pini kiasi hicho kwa ajili ya kitambaa cha kurushia begani. Mimi katika karakana yenu niliomba pini za shaba nyembamba, nikaletewa pini za nepi.

3. Nani ni nani. Kwenye karamu ya kipindi cha tatu, malkia, mke wa mfanyabiashara wa sufu na mjakazi anayemimina divai wote wako kichwa wazi. Kinachomtambulisha malkia ni kijitaji tu. Hebu kumbukeni kwamba bunge la mwaka 1363, chini ya mfalme huyo huyo mnayemwigiza, lilitunga sheria ya nani avae nini kulingana na cheo chake. Humo wake za mafundi walikatazwa mitandio ya hariri. Wavae ya uzi uliosokotwa humo humo nchini. Sheria yenyewe haikudumu, ilifutwa baada ya muda mfupi, na sidhani kama kuna mke wa fundi aliyeitii sana. Lakini watu wazima walikaa barazani wakajadili kichwa cha mke wa seremala. Mimi pia ni mke wa fundi, na nikikumbuka habari ile mkono huwa unanipanda wenyewe kichwani.

Msidhani basi kwamba hayo yalikuwa mambo ya mabibi wakubwa tu. Kiko kitabu cha Zaburi alichochorewa Geoffrey Luttrell, bwana mmoja wa Lincolnshire, kati ya miaka ya 1325 na 1340, na sasa kimo British Library. Pembezoni mwa kurasa zake wamejaa watu wa kazi. Yuko mwanamke anayelisha kuku na vifaranga, kijiti cha kusokotea uzi amekibana kwapani, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Wako wanaotoka kukama kondoo, vyombo vya maziwa wamevibeba kichwani. Na mahali pengine yumo bibi amekaa anasukwa nywele na msichana wake, kioo mkononi. Mchoraji alijua lini nywele huonekana: wakati wa kusukwa.

4. Taji. Malkia wenu analala na taji. Sitanii, ni kipindi cha tano. Kwanza, kile mlichomvisha ni kanda la kichwani la harusi za siku hizi, limeshuka mpaka kwenye paji la uso. Pili, taji la malkia halikuwa kofia ya kushindia. Liko taji moja Munich, lilitengenezwa katika miaka ya 1370 au 1380, likaorodheshwa London mwaka 1399 katika hazina ya Richard II, kisha likaenda Ujerumani mwaka 1402 na Blanche, binti wa Henry IV, alipoolewa huko. Maua yake 12 yanachomoka moja moja, likafungashwa na kusafirishwa. Kitu cha namna hiyo kina sanduku lake na mlinzi wake, na kinatolewa kwa siku yake. Tena siku hiyo mara nyingi kilikaa juu ya mtandio. Eleanor wa Aquitaine, aliyefariki mwaka 1204, amelala juu ya kaburi lake Fontevraud, Ufaransa, anasoma kitabu, kitambaa kimemzunguka uso na kidevu, na taji liko juu ya kitambaa. Malkia wa nchi mbili, na hakuona kwamba kitambaa kinampunguzia chochote.

5. Ngozi na rangi ya tope. Hili nitalipitisha haraka kwa kuwa wengine wamekwisha kulisema. Mabibi wenu wamevaa vizibao vya ngozi vilivyofungwa mgongoni kwa kamba, na tundu za kamba zimetiwa vipete vya chuma. Vipete hivyo ni vya karne ya 19. Karne ya 14 tundu lilizungushiwa uzi, na fundi wa mkono analimaliza kwa dakika chache. Kuhusu rangi, kasri lenu lote lina rangi ya kahawia na kijivu, kama kwamba jua lilivumbuliwa baadaye. Philippa alipojifungua mwanawe wa kwanza mwaka 1330 na kwenda kanisani kushukuru, jambo ambalo kwetu tungeliita kutoka arubaini, alivaa mavazi ya mahameli ya zambarau yaliyodariziwa kindi wa dhahabu. Kindi! Nchi ile ilikuwa na wadarizi ambao hata mapapa wa Roma waliwaagizia kazi. Mngempa fundi mmoja nafasi ya kudarizi kindi mmoja tu kwenye mkono wa gauni, mama yangu angepiga simu kwa sababu nyingine.

6. Chuma cha wanaume. Hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwa mavazi ya vita mlileta mshauri. Alikaa nasi wiki sita. Nilimsikia kwa masikio yangu akikataa kofia ya chuma kwa sababu ni ya miaka 30 baada ya vita vya Crécy, vile vya Edward na Wafaransa, na kofia ikarudishwa, na nyingine ikaletwa, na hakuna aliyemwambia kwamba mtazamaji hatajua. Palikuwa na mshauri wa matandiko ya farasi. Palikuwa na mtu wa mbwa! Kichwa cha mwanamke kikaachiwa saluni. Mwanamume mlimtafutia mwaka wake sahihi, mwanamke mkamtafutia shampuu.

Sasa nije kwenye majibu ninayoyajua, kwa kuwa baadhi yake niliambiwa mlangoni nikiwa nimeshika vitambaa mkononi.

Mlisema mtazamaji hatamtambua mwigizaji akifungwa kichwa. Mimi nasema kitani cheupe kandokando ya uso ni taa. Mpiga picha yeyote wa harusi wa Mombasa atawaambia: bibi harusi akitandwa vizuri, macho yote yanakwenda usoni, hayana pengine pa kwenda. Watu wa kwetu wamefuatilia tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, vilemba na shela tele, na mama yangu anamtambua kila mmoja wao mpaka kwa mtindo wa kilemba chake. (Hizo nazo zina makosa yake. Barua yao itakuja.)

Mlisema kitambaa kinachakarisha maikrofoni. Hilo ni kweli, na namhurumia mtu wa sauti. Lakini kinachochakarika ni kitani kipya chenye wanga wa kiwandani. Kiloweke usiku kucha, kifue mara tatu kwa maji ya moto, kianike, kikunje kikiwa na unyevu kidogo. Kitakuwa kimya kama leso ya zamani. Vile 36 nilikwisha kuvifua. Hakuna aliyeniuliza.

Mlisema bajeti. Wigi la malkia, lile la nywele za watu lililotiwa uzi mmoja mmoja kwenye wavu, lina thamani ya majora kadhaa ya kitani. Na mlikuwa nayo matatu, moja la mvua.

Mlisema hii ni tamthilia, si darasa la historia. Sawa. Ila na mwenye ile kofia ya chuma mngemwambia hivyo hivyo.

Jibu la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini, na aliyelisema alikuwa muungwana, alinitazama kichwani kisha akatazama pembeni. Alisema mwanamke aliyefunikwa "unamkumbusha mtazamaji mambo ya siku hizi". Waheshimiwa, mambo ya siku hizi ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale, nimejitanda, nimeshika kazi ya wiki tano. Sikujibu, kwa kuwa nilikuwa nahitaji malipo ya mwezi ule. Leo najibu. Sidai kwamba mabibi wa Westminster walikuwa kama sisi wa Mombasa; dini yao yao, na mapadri wao waliwasomea barua ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho juu ya mwanamke kufunika kichwa. Lakini kitambaa kile kile walichohimizwa wakivae kwa unyenyekevu walikigeuza kuwa urembo, kwa marinda ya ukingoni, hariri nyembamba na pini elfu kwa elfu, mpaka wahubiri wakarudi kuwagombeza kwa kuzidisha. Hayo mimi nayajua. Nimekulia katika nyumba ya wanawake ambao kwa mtandio mmoja wanaweza kukukaribisha, kukufukuza, kukuringia na kukupa pole. Mwanamke akiurudisha mtandio mbele taratibu mgeni fulani anapoingia, chumba kizima kimeelewa. Mkimwacha kichwa wazi, mmemnyang'anya mwigizaji nusu ya maneno yake.

Nitoe mfano katika kazi yenu wenyewe. Joan, yule wa pini 12,000, hakufika kwa mchumba wake. Tauni ilimkuta karibu na Bordeaux mwaka huo huo wa 1348, akafa akiwa msichana wa miaka kama 14. Mlilionyesha tukio hili katika kipindi cha saba. Mjumbe anaingia, malkia anasikia, anapiga kelele, anazivuruga nywele zake. Muziki ukapanda. Nami nilikaa kwenye kochi langu nikaona nywele hazina pa kuvurugikia zaidi, maana zimevurugika tangu kipindi cha kwanza.

Sasa tuseme kwa vipindi sita tumemwona amefungwa kila siku. Tumemwona asubuhi msichana wake akimbana pini, tukaizoea ile kazi, tukaichoka hata. Mjumbe anaingia. Malkia hasemi kitu. Anakaa, anapeleka mkono juu ya sikio la kulia, anachomoa pini, anaiweka mezani. Anachomoa ya pili, na ya tatu. Mtandio unateleza wenyewe begani. Anatafuta ule mkanda kisogoni, vidole vinamtetemeka, haupati, na msichana wake, ambaye kila siku kazi yake ni kufunga, anasogea kumsaidia kufungua. Mezani zimo pini tatu, na kule Bordeaux liko sanduku lenye elfu kumi na mbili. Sihitaji muziki hapo. Na mimi ni fundi tu.

Ninachoomba, basi, kabla ya kamera kuwashwa:

(a) Wanawake walioolewa wa msimu wa pili wafungwe vichwa wakiwa mbele za watu, kila mmoja kwa cheo chake: malkia kwa hariri na dhahabu, mke wa mfanyabiashara kwa kitani kizuri, mjakazi kwa kitambaa kizito.

(b) Nywele zikifunguliwa, ziwe zimefunguliwa kwa sababu iliyoandikwa kwenye mswada.

(c) Aajiriwe mtu mmoja anayejua kufunga kichwa, apewe muda ule ule aliopewa mshauri wa kofia za chuma. Siombi awe mimi. Wako mafundi Waingereza wanaoijua kazi hii kuliko mimi, wengine nimejifunza kwao. Ila nikiitwa nitakuja.

(d) Taji litolewe kitandani.

(e) Majina ya mafundi wa mkono yaandikwe mwishoni mwa kipindi. Tulikuwa 11 na halikutajwa hata moja. Mbwa alitajwa.

Naomba jibu la maandishi, la mtu, kabla ya mwezi kwisha. Likija nitaliweka hapa hapa chini ya barua hii, hata kama ni la kunikatalia.

Kuhusu kile kisanduku nilichokiacha mapokezini: ndani mna kofia moja kwa mfano wa ile ya Birgitta, mkanda wake, mitandio miwili iliyofuliwa, karatasi yenye michoro ya jinsi ya kufunga hatua kwa hatua, na pini 200 za shaba ambazo nilizinyoosha na kuzinoa mwenyewe kwenye jiwe. Kama hamtavitumia, naomba mrudishe kisanduku. Vitambaa ni vyenu, mlivilipia. Pini ni zangu.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mkono,
Msimu wa Kwanza